Kutoa Upepo

Huku Gualjaina upepo hauombi ruhusa.
Huingia kwa tundu la kitasa, hukaa mezani,
huanza kula kabla ya wageni. Tumeuzoea.
Lakini ulipoingia kwenye breki za Ford
baba alinuna siku nzima,
kana kwamba mtu wa nyumbani ndiye aliyemfungulia mwizi.

Ilikuwa juzi, mteremko wa kuelekea darajani:
pedali ilizama kama mguu kwenye tope jipya.
Nyuma, kondoo kumi na wanane
wakinitazama kwenye kioo.
Nilisimama kwa gia na kwa Mungu.

Leo asubuhi, ndani ya banda la kunyolea manyoya,
pikapu imekalia magogo, imevuliwa matairi.
Baba kalala chini ya tumbo lake
na spana namba kumi, kipande cha mpira,
na chupa ya jamu iliyooshwa nusu.
Tunaanza na gurudumu la mbali, anasema,
nyuma kulia. Husema hivyo kila mwaka.
Mgeni usiyemtaka humfukuzi kuanzia sebuleni.

Kanyaga.
            Nimekanyaga.
Shikilia.
            Nimeshikilia.
Nati inalegea robo mzunguko,
mguu wangu unashuka bila mimi kuamua,
kitu kinakoroma ndani ya mpira,
anakaza.
Achia.

Mara ishirini, thelathini.
Tangu tumzike mama hatujawahi kuongea
mfululizo namna hii.
Maneno matatu tu, lakini kila moja linajibiwa.

Nashuka kujaza kopo la juu.
Lisikauke; likikauka kazi yote inarudi mwanzo.
Na tone lisiguse bodi, mafuta haya hula rangi.
Nachungulia chini ya fenda.
"Safi," anasema baba. "Hakuna tena. Twende la pili."

Ndani ya chupa mapovu yanapanda,
madogo, meupe, moja nyuma ya jingine.
Chupa iko shubiri moja na uso wake.

Mtoto wa jicho.
Karatasi ya hospitali ya Esquel niliikuta
chini ya mkebe wa majani ya mate,
imekunjwa mara nne, ya mwezi wa tatu.
Macho yote mawili.
Na mimi miaka yote nikijua mtoto wake ni mmoja.

Chispa anajikuna mlangoni. Bati linapigapiga.
"Baba, goti linaniuma. Tubadilishane."

Kimya.

Kisha anatoka kidogo kidogo: kiwiko, kofia, buti.
"Goti lipi?"
"La kulia."
"Jana lilikuwa la kushoto."
Ananipa spana. Ina joto la kiganja chake.

Nalala palipokuwa pake. Udongo umeshika umbo lake,
mabega yangu hayaujazi.
Kanyaga, nasema, na sauti inanitoka ya kwake.
"Nimekanyaga."
Mafuta yana rangi ya chai iliyolala. Povu.
Shikilia. Povu. Achia.
"Unaona nini huko?"
Hajawahi kuniuliza hivyo maishani.
Basi namwambia: mapovu matatu, baba, moja kubwa.
Sasa mawili. Sasa kama punje za chumvi.
Sasa uzi wa mafuta mapya, mweupe, haukatiki.
"Haukatiki?"
"Haukatiki."
"Tena, kwa uhakika."
Tunarudia. Haukatiki.

Magurudumu matatu yaliyobaki yalitufikisha saa saba.
Mwishowe akakanyaga, na pedali ikamgomea,
ngumu kama kizingiti. Akaikanyaga tena,
nadhani kwa raha tu.

Tulirudisha matairi. Nikanawa mikono kwa majivu na sabuni.
Nje upepo ulikuwa ukivuta nyasi nywele.
Tulibakiwa na kuijaribu mteremkoni.

Baba alishuka kwenye kiti cha dereva,
akazunguka mbele, mkono juu ya boneti,
akiifuata kama ukuta wa nyumba usiku,
akafungua mlango wa upande wa pili,
akaketi, akafunga.
"Haya," akasema. "Usiende kwa papara."